Umehamia nje na shule ni tofauti kabisa: mwongozo kamili wa kuanza bila kupoteza mwaka

Kila shule zinapofungua napata meseji za aina moja. Mtoto alikuwa anaongoza darasa huko alikotoka, kahamia nje na wazazi, muhula wa kwanza ripoti imekuja na alama za chini mpaka nyumbani wanadhani kawa mvivu. Nikimuuliza ananiambia anapiga msuli hadi saa sita usiku, na ni kweli anapiga. Shida ni kwamba anasoma kwa namna ya shule ya zamani wakati shule mpya inahesabu vitu vingine kabisa, na hakuna aliyekaa naye chini akamwambia ni vitu gani.

Mimi nilihamia Ujerumani nikiwa na miaka 15 na toka hapo nimewasindikiza wadogo zangu wengi kwenda kuandikishwa nchi mbalimbali, wengine ana kwa ana, wengine kwa simu. Hapa naandika vile ninavyowaambia tukiwa tumekaa. Nakuandikia wewe mwanafunzi wa miaka 13 mpaka 18, ila mzazi au mlezi wako asome pia maana kuna hatua zinahitaji sahihi yake. Fuata kwa mpangilio. Ukiruka hatua ya pili hizo nyingine hazitakusaidia sana.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Ripoti za miaka mitatu ya mwisho, zenye muhuri na sahihi. Ya mwaka mmoja haitoshi. Kwenye mifumo ya kredi (pointi unazopewa kwa kila somo ulilofaulu) wanahesabu kila somo ulilomaliza sekondari, na somo lisilo na karatasi ni kama hukusoma.
- Orodha ya mada ulizosoma kwa kila somo. Hiki ndo kitu wengi hawana na ndo kinachowaangusha. Neno "Hisabati" kwenye ripoti haliwaambii kitu, wanataka kujua umeshafika kwenye logarithimu au bado uko kwenye milinganyo. Kama shule haina silabasi ya kukupa, piga picha kurasa za yaliyomo za vitabu ulivyotumia, alafu weka alama mahali mlipoishia.
- Daftari mbili tatu zilizosahihishwa na pepa za mitihani. Mwalimu wa somo akiona kazi yako kwa macho anakuelewa haraka kuliko kwa ripoti.
- Maelezo ya alama za shule ya zamani, ukurasa mmoja wenye muhuri. Alama ya juu ni ngapi, ya kufaulu ni ngapi. Sehemu moja 70 ni ya mtu hodari, sehemu nyingine 70 ni ya mtu anayehitaji msaada.
- Cheti cha kuzaliwa, pasipoti na kadi ya chanjo. Ujerumani toka Machi 2020 sheria inataka wanafunzi waonyeshe uthibitisho wa kinga ya surua, na majimbo ya Marekani kila moja lina orodha yake ya chanjo.
- Tafsiri ya mtafsiri anayetambulika kisheria. Usitafsiri mwenyewe hata kama lugha unaijua vizuri, ofisi itarudisha. Na kama nchi zote mbili ziko kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961 unaweza kuambiwa ulete apostili, yaani uthibitisho rasmi kwamba hati ni ya kweli ili ikubalike nchi nyingine. Uliza kabla hujasafiri, kwasababu apostili inatolewa na nchi iliyotoa hati, ukishaondoka kuitafuta kwa mbali ni mateso.
- Barua pepe ya mtu mmoja shule ya zamani anayejibu kweli. Sio ya ofisi ambayo haifunguliwi.

Skani zote, weka kwenye simu na kwenye intaneti. Nakala halisi onyesha tu, usiache mezani kwa mtu.

## Hatua ya 1: Jua unaingizwa darasa gani, na hilo darasa linakupeleka wapi

Shule nyingi zinampanga mgeni kwa umri. Inaonekana jambo dogo lakini mwezi mmoja unaweza kubadilisha kila kitu. England kwa mfano mstari wa umri unakatwa tarehe 31 Agosti, kwahiyo aliyezaliwa mwisho wa Agosti na aliyezaliwa mwanzo wa Septemba mwaka uleule wako madarasa mawili tofauti.

Alafu kuna suala la kalenda. Japani mwaka wa shule unaanza Aprili, Australia unaanza mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari, Ulaya na Marekani ni Agosti au Septemba. Ukihama unaingia katikati ya mwaka wa watu, au unakaa miezi bila shule. Sasa kuingia katikati kwenye madarasa mengi hakuna neno, ila kuna madarasa ni ya hatari. England Year 10 na Year 11 ni kozi moja ya miaka miwili inayoishia kwenye mitihani ya GCSE, ukitupwa Year 11 Januari una miezi kama minne ya kumeza kitu ambacho wenzako wamekitafuna mwaka mzima na zaidi. Hapo mzazi aulize kama unaweza kuingia Year 10 badala yake, au kupunguziwa idadi ya masomo.

Ujerumani kuna jambo jingine, aina ya shule. Gymnasium inakupeleka moja kwa moja kwenye Abitur, ambayo ndo mlango wa kawaida wa chuo kikuu. Aina nyingine za shule zinatoa vyeti vingine, na kutoka huko kwenda kwenye Abitur inawezekana lakini njia ni ndefu zaidi. Wageni wengi hawaambiwi hili siku ya kwanza, sio kwa ubaya, ni kwamba kwao ni kitu cha kawaida sana hadi hawafikirii kama kuna mtu hajui.

Marekani na Kanada ni kredi. Unamaliza sekondari kwa kukusanya idadi fulani ya kredi, sio kwa mtihani mmoja mkubwa wa mwisho. Ontario kwa mfano diploma inataka kredi 30, masaa 40 ya kujitolea kwenye jamii, na kutimiza sharti la kusoma na kuandika. Ripoti zako za zamani zinatakiwa zigeuzwe kuwa kredi, na anayefanya hiyo kazi ni kaunsela wa shule. Asipopewa karatasi za kutosha anakadiria, na akikadiria chini wewe ndo unayerudia somo ulilokwisha maliza.

Kwahiyo siku ya kuandikishwa uliza haya manne, na majibu yaandikwe:

1. Nimewekwa darasa gani na kwanini hilo?
2. Nikimaliza hapa napata cheti gani, na hicho cheti kinafungua chuo kikuu au hapana?
3. Masomo yangu ya zamani yapi yamehesabiwa na yapi hayajahesabiwa?
4. Mpaka tarehe gani naweza kubadilishiwa darasa au somo?

Onyo. Usikubali kimya kimya, ila pia usigombanie darasa la juu kwa sababu ya aibu tu. Nimeona watoto wamelazimisha wawe na wenzao wa umri mmoja alafu wakamaliza na cheti kibovu. Mwaka mmoja chini ukiwa na lugha mpya sio kushushwa.

Kwa walioko Marekani kuna jambo la kisheria wazazi wengi hawalijui: Mahakama Kuu iliamua mwaka 1982, kesi ya Plyler v. Doe, kwamba shule za umma haziwezi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya hali ya makaratasi yake ya uhamiaji. Usikae nyumbani kwa uoga.

Ukifaulu hatua hii una karatasi moja nyumbani inayosema darasa, cheti unachokifuata, na kilichobaki mpaka umalize.

## Hatua ya 2: Jua alama inatengenezwaje

Hapa nitakaa sana, nivumilie.

Anza na kipimo chenyewe. Ujerumani 1 ndo bora na 6 ndo mbovu kabisa, 4 ndo ya mwisho ya kufaulu. Norway ni kinyume, 6 ndo bora, na Uswisi pia 6 ndo ya juu na 4 ndo ya kufaulu. Mtu akitoka na 2 yake nzuri ya Ujerumani akaenda Norway bila maelezo, karatasi yake inasomeka kama amepona kwa tabu. Ufaransa wanatumia 20, unafaulu kwa 10, na 16 ni alama wanayoiita nzuri sana kwenye baccalauréat (cheti chao cha kumaliza sekondari), kwahiyo ukipata 13 usilie, ni alama ya heshima. England GCSE ni 9 mpaka 1, 9 ya juu, na 4 ndo wanaiita kufaulu kwa kawaida. Ukikosa hiyo 4 kwenye Kiingereza au hisabati unaendelea kuzisoma hata baada ya miaka 16. Marekani ni A mpaka F, alafu zinageuzwa kuwa namba: A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni 0, wastani wake ndo GPA.

Hiyo ni sura ya nje. Cha ndani, na ndo ninachotaka ukishike kuliko kingine chochote kwenye huu mwongozo, ni alama ya mwisho imejengwa na vitu gani, na kila kitu kina uzito gani.

Wengi wetu tumetoka kwenye mifumo ambayo mtihani wa mwisho ndo kila kitu. Kazi za katikati unaweza kuzembea alafu mwezi wa mwisho ukakesha, ukakremu, ukatoka na alama safi. Ukienda na hiyo tabia Marekani unazama wiki ya tatu. Angalia hesabu hii: umefanya kazi nne umepata 90 kila moja, ya tano hukuikusanya kwa sababu ulidhani ni mazoezi tu. Ya tano inaingia sifuri. 360 gawanya kwa 5 ni 72. Umetoka kwenye kiwango cha A ukaanguka kwenye C kwa karatasi moja ambayo hata ungeifanya nusunusu ungepata 60 na wastani ungebaki 84. Na hiyo C inaingia kwenye transkripti, yaani rekodi ya alama zako zote, na kukaa kwenye GPA, haisubiri mtihani wa mwisho ije kufutwa.

Ujerumani kisu ni kingine. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na 2 karibu kila testi ya jiografia, ripoti ikaja na 4. Nikajua wamekosea. Nikaenda kwa mwalimu na testi zangu mkononi. Akafungua daftari lake dogo akanionyesha mstari wenye jina langu: kila kipindi kuna kialama, wenzangu jumlisha jumlisha kutoa jumlisha, mimi wiki baada ya wiki ni duara tupu. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba duara ni mtu aliyekuwepo lakini hakusema kitu, na kusema ni nusu ya alama. Mimi nilikuwa nimelelewa kwamba mwanafunzi mwenye adabu ananyamaza mpaka aulizwe! Kwenye masomo mengi ya kule ushiriki wa mdomo unaweza kufika nusu au kupita, na hakuna testi ya kufidia kinywa kilichofungwa.

Ufaransa baccalauréat ya siku hizi asilimia 40 inatoka kwenye alama za kawaida za shuleni na 60 kwenye mitihani ya mwisho. Kwenye IB (International Baccalaureate, programu ya kimataifa inayofundishwa shule za nchi nyingi) kila somo ni 1 mpaka 7, diploma ina pointi 45 na unahitaji angalau 24, na sehemu ya kila somo ni kazi unayoifanya shuleni kwa miezi, sio mtihani. England upande wa GCSE masomo mengi bado ni mtihani wa mwisho, kwahiyo huko msuli wa zamani unakusaidia kiasi, ila angalia: shule inafuata bodi gani ya mitihani? AQA, OCR na Pearson Edexcel wana silabasi tofauti kwa somo lilelile, vitabu vya fasihi vinatofautiana, na kuna watu wamesoma pepa za bodi isiyo yao mwaka mzima. Ukishajua bodi, pepa za nyuma na miongozo ya kusahihishia iko wazi kwenye intaneti, bure.

Fanya hivi wiki ya kwanza. Chukua daftari jipya, kila somo ukurasa wake. Andika juu jina la mwalimu, chini yake chora mistari: testi asilimia ngapi, kazi za nyumbani ngapi, projekti ngapi, kuongea ngapi, kazi iliyochelewa inakatwa kiasi gani, unaruhusiwa kurudia testi au la. Walimu wengi wanatoa karatasi ya somo siku ya kwanza yenye haya yote, ile karatasi watu wanaikunja na kuitupa. Usiitupe. Isipokuwepo, muulize mwalimu mwisho wa kipindi.

Pia ingia kwenye mfumo wa shule wa intaneti, iwe Canvas, Google Classroom, Pronote au mwingine, siku ileile uliyopewa neno la siri. Kazi nyingi hazitangazwi darasani, zinawekwa huko usiku na saa ya mwisho imeandikwa. Mzazi naye awe na akaunti yake kama shule inatoa.

Ukifaulu hatua hii mtu akikuamsha usingizini akuulize alama ya kemia inatoka wapi, unamjibu bila kufungua daftari.

## Hatua ya 3: Lugha mbili ndani ya lugha moja

Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, aliandika toka mwaka 1979 kwamba kuna lugha ya kuongea na kuna lugha ya darasani, na baadaye akaonyesha kuwa ya kuongea mgeni anaipata kwa kama miaka miwili wakati ya darasani inachukua kama mitano mpaka saba. Hii inaelezea kitu kinachowaumiza wengi: ukifikisha miezi nane toka uhamie unapiga stori na wenzako vizuri, walimu wanasema huyu lugha keshaimaliza, wanakutoa kwenye darasa la msaada, alafu pepa ya historia inakutoa jasho.

Kwahiyo:

Kubali msaada wa lugha. Karibu kila mfumo unao, kwa majina tofauti: Ufaransa UPE2A, Berlin madarasa ya makaribisho, Uswidi kuna msaada wa kufundishwa masomo kwa lugha yako mwenyewe ukihitaji. Sio darasa la wajinga.

Lakini usifungiwe humo. Kama miezi inapita unasoma lugha tu bila hisabati wala sayansi, mzazi aende kuuliza ni lini unaingia kwenye masomo ya kawaida. Hisabati unaweza kuanza mapema sana hata kwa lugha ya kuokoteza.

Tengeneza kamusi yako ya kila somo, safu tatu: neno la shule mpya, neno unalolijua, na mfano au mchoro. Maneno matano kwa siku kwa kila somo gumu. Anza na yale maneno ya kuamrisha kwenye maswali, yaani *eleza, linganisha, thibitisha, tathmini, kadiria*, maana mtu unaweza kujua jibu zima ukaanguka kwa sababu hujajua umeombwa ufanye nini nalo.

Uliza pia kama unaruhusiwa muda wa ziada au kamusi kwenye mtihani. Sehemu nyingi ruhusa ipo ila lazima iombwe mapema.

## Hatua ya 4: Hisabati na sayansi, angalia maandishi yake

Watu wanasema hisabati ni ileile dunia nzima. Kichwani ndio, kwenye karatasi hapana.

Ujerumani na Ufaransa desimali inaandikwa kwa mkato: 3,5 ni tatu na nusu. Ujerumani 1.250 ni elfu moja mia mbili hamsini, ila Marekani hiyohiyo 1.250 ni moja na robo. Ufaransa namba zote zilizo kati ya 2 na 5, bila 2 na 5 zenyewe, zinaandikwa ]2 ; 5[ na sehemu nyingine ni (2, 5). Kugawanya kwa mpangilio wa kushuka kunachorwa tofauti. Marekani tarehe 04/07 ni Aprili 7, na sayansi ya maisha ya kila siku bado ina inchi, paundi na Farenhaiti.

Mpangilio wa mada nao unabadilika. Marekani kwa kawaida aljebra na jiometri ni masomo mawili ya miaka tofauti, kwahiyo unaweza kukuta aljebra yote unaijua ila uthibitisho wa jiometri hujawahi kuuona. Hapo zile kurasa za yaliyomo ulizopiga picha ndo zinafanya kazi: ziweke sambamba na kitabu kipya, weka tiki unachokijua, zungushia usichokijua, mpelekee mwalimu. Nusu saa tu.

Kitu kimoja zaidi. Sehemu nyingi jibu peke yake halipewi alama zote, wanataka njia. Kama ulizoea kufanya kichwani, andika kila mstari hata ukiona ni wa kitoto.

## Hatua ya 5: Insha, na mpaka kati ya kusoma na kudesa

Hili limeshawafikisha watoto wazuri mbele ya kamati ya nidhamu, tafadhali lisome taratibu.

Kuna shule ambazo kuandika sentensi ya kitabu kama ilivyo ni dalili kwamba umesoma. Mwalimu anakusifia. Ukivuka mpaka, sentensi hiyohiyo bila alama za kunukuu na bila kusema imetoka wapi ni wizi, na shule nyingi zina programu kama Turnitin zinazolinganisha kazi yako na maandishi mengine. Hawatajali kwamba hukujua. Unaweza kupewa sifuri, na sehemu nyingine inaandikwa kwenye faili lako.

Kanuni ya kukulinda: ukisoma kitabu, kifunge kabla hujaandika. Andika ulichoelewa kwa maneno yako, hata yawe mabovu. Alafu fungua uhakikishe hukukosea, andika jina la mwandishi na ukurasa palepale, usiseme utaandika baadaye. Sentensi unayoipenda mno weka ndani ya alama za kunukuu.

Programu za kutafsiri na za kuandika zenye akili bandia, muulize kila mwalimu kivyake. Kutafsiri neno kwa kawaida wanaruhusu. Kuandika insha kwa Kiswahili alafu kuigeuza yote kwa mashine, wengi wanaihesabu kama sio kazi yako.

Sasa umbo la insha. Swali la mfumo wa kukariri linasema: *taja sababu tano za kukua kwa miji*. Unataja tano, umemaliza. Mfumo mpya unakuuliza: *kwa kiasi gani reli ilisababisha kukua kwa miji?* Ukitaja sababu tano hapa umepata alama kidogo tu, kwasababu umeulizwa kupima. Wanataka uchukue msimamo mstari wa kwanza, mfano reli ilikuwa na nguvu lakini viwanda vilitangulia, alafu kila aya iwe na hoja, ushahidi, na maelezo ya kwanini huo ushahidi unathibitisha hoja. Hiyo ya tatu ndo wageni tunaisahau. Tunaweka ushahidi tunakimbia.

Omba rubriki, yaani ile karatasi ya jedwali inayoonyesha alama zinagawanywaje, kabla ya kuandika. Na omba insha moja ya mwanafunzi wa zamani iliyofanya vizuri.

Ukifaulu mwalimu ataacha kuandika pembeni "kwahiyo?" au "una maana gani?" na ataanza kubishana na hoja yako. Akibishana na hoja ujue umefika.

## Hatua ya 6: Kuongea darasani wakati lugha bado inakwama

Usisubiri lugha ikae sawa. Usiku andaa sentensi moja tu kwa kipindi cha kesho, moja, iwe swali au jibu la kazi ya nyumbani. Nyoosha mkono dakika kumi za kwanza, maana mwanzo maswali ni mepesi na ukishaongea moyo unatulia kipindi kizima. Wiki ya pili ziwe mbili.

Muone mwalimu mapema, mwambie hivi: "Naelewa zaidi ya ninavyoweza kusema. Nataka kushiriki. Ukiniuliza, tafadhali nipe sekunde chache." Karibu kila mwalimu niliyemuona akiambiwa hivo alibadilika kabisa namna anavyomchukulia yule mtoto.

Kumtazama mwalimu machoni, kusema hukubaliani naye, kumwandikia meseji kwenye mfumo wa shule, mifumo mingi ya nje haihesabu hayo kama utovu wa adabu, wanaona ndo kujituma. Ila kila mwalimu anaitwa vyake. Sikiliza wenzako wanamuitaje kabla hujafungua mdomo.

## Hatua ya 7: Usisome peke yako, usikae peke yako

Tafuta watu watatu. Mmoja wa darasa lako anayeandika notsi vizuri. Mmoja aliyehama kama wewe mwaka mmoja au miwili kabla, huyu ni dhahabu. Na mtu mzima mmoja pale shuleni, kaunsela, mwalimu wa lugha, mtu wa maktaba, yeyote ambaye ukiwa na siku mbaya unaweza kugonga mlango wake.

Mdogo wangu, ukiona wiki tatu mfululizo hulali, huli, au asubuhi unaumwa tumbo kila siku ya shule, mwambie huyo mtu mzima na mwambie mzazi. Usingoje ripoti iwasemee.

Na lugha yako usiitupe. IB inaruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha yake ya kwanza kwa kujisomea hata shule ikiwa haina mwalimu wake. Marekani kuna Seal of Biliteracy, ilianzia California mwaka 2011, inabandikwa kwenye diploma ya anayemudu Kiingereza na lugha nyingine. Uliza kama shule yako ina kitu cha namna hiyo.

## Hatua ya 8: Kikao cha wiki ya sita

Hii usiiache. Wiki ya sita omba kikao na kaunsela au mwalimu wa darasa, mzazi awepo, na kama mzazi hajui lugha omba mkalimani wa shule kabla ya siku yenyewe. Usiwe wewe mkalimani wa kikao chako mwenyewe, mtoto akitafsiri habari zake mbaya huwa zinapungua njiani.

Beba lile daftari la hatua ya pili, na alama zote ulizopata mpaka hapo. Kwa kila somo sema moja kati ya haya matatu: *naelewa na alama inaonyesha*, *naelewa ila alama haionyeshi*, *sielewi*. La pili ni tatizo la mfumo au lugha, dawa yake ni muda wa ziada, kuongea, rubriki, kukusanya kazi kwa wakati. La tatu ni tatizo la mada, dawa yake ni tuisheni au kushuka ngazi ya somo hilo. Ukizichanganya utapewa tuisheni ya kitu unachokijua.

Kama masomo mengi yako kwenye la tatu, ongeeni waziwazi kuhusu kurudi darasa moja nyuma sasa hivi, sio mwisho wa mwaka. Kurudi wiki ya sita unakuta wenzako nao bado wageni wa darasa. Kurudi baada ya kufeli mwaka mzima kunabaki kwenye karatasi. Ndo maana siku ya kuandikishwa nilikwambia uulize ile tarehe ya mwisho ya kubadilishiwa: kama inaangukia kabla ya wiki ya sita, kikao kifanyeni siku tatu kabla yake, na barua ya maombi mzazi aje nayo mkononi ikiwa imeshasainiwa.